Mashine ya moshi ya kukodi Mwanjelwa, nyota tatu

Jamani nimeikodi kwa sini ya filamu ya nyumba kuungua, tulishuti Uyole kwenye banda la mjomba. Ikishachemka inatema moshi mzito mpaka majirani wakaja na ndoo za maji 😂 ila upepo wa Mbeya mnaujua, ukiacha dirisha wazi tu moshi wote umeenda. Halafu ni mweupe sana, ikabidi tuutie giza kwenye kuediti. Mwanga wa moto ni taa mbili za rangi ya chungwa nyuma ya pazia, dogo anapitisha mkono mbele yake hovyohovyo, ndo ikakubali. Ndimi za moto nikabandika na DaVinci Resolve ya bure, ile programu ya kuediti video, klipu ya moto kwenye giza ukiweka modi ya kuchanganya picha inayoitwa skrini (Screen) ule weusi unapotea. Mwenye duka sasa, dawa ya mashine, yale maji ya kutoa moshi, kanipa nusu chupa anasema imejaa!!