Vijitabu vya kumbukumbu Tabora: uchapaji safi, wasifu wa kunakili

Duka hili la uchapaji liko hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Tabora, na kazi inayoliweka mjini ni vijitabu vya misiba. Kilichopimwa hapa ni kijitabu cha arobaini ya mkurugenzi wa kampuni, aliyesifika kwa kuajiri viziwi na wasioona, na kuwapa wanawake kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume. Kurasa 16 za A5, nakala 150.

Uchapaji hauna shida. Jalada ni la gramu 250, pini mbili zimekaa katikati ya mkunjo, na kingo zimekatwa baada ya kukunja. Ukikata kabla, kurasa za katikati huchungulia nje. Kumbuka idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukileta maandishi ya kurasa 14, mbili zinazobaki watazijaza maua. Waambie waweke mistari ya kuandikia rambirambi.

Picha hupokelewa kwa WhatsApp, na hapo wengi huharibikiwa. Itume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, la sivyo hubanwa na uso wa marehemu hutoka na ukungu. Kujaza upana wa jalada la A5, yaani sm 14.8, kunahitaji pikseli 1,750 hivi.

Kasoro kubwa ni wasifu. Duka huandika bure ukichapa kwao, ila kiolezo ni kimoja. Kila marehemu alikuwa "mcheshi, mchapakazi na mpenda watu wa rika zote", na kila kijitabu hufungwa kwa "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", hata mwaliko ukiwa wa hitma. Rasimu ya kwanza ya kazi hii ilitoka hivyo hivyo, familia ikiwa ya Kiislamu.

Andikeni wenyewe, tena kwa hesabu. "Alijali watu wenye ulemavu" haimwambii msomaji kitu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa hiyo kwenye wafanyakazi 60, wawili ni kutimiza sheria tu. Sifa ianzie kwa wa tatu. Taja aliajiri wangapi, kwa kazi zipi, na alibadilisha nini: ngazi ya ghala ikawekewa mteremko, kikao cha Jumatatu kikapata mkalimani wa lugha ya alama. Mfanyabiashara Dkt. Reginald Mengi, aliyefariki 2 Mei 2019, wengi humtaja kwa jambo lililoonekana kwa macho: chakula cha mchana alichowaandalia watu wenye ulemavu kila mwaka.

Halafu kuna aibu ndogo ambayo duka halikuiona hadi lilipoambiwa. Kijitabu cha mtu huyu watakisoma wale wale aliowaajiri. Mtindo wa duka ni karatasi ya kung'aa, na maandishi ya saizi 10 juu ya picha iliyofifishwa. Mwenye ualbino au uoni hafifu akiketi chini ya turubai mchana, mwanga unamrudia machoni na herufi zinapotea ndani ya shati la marehemu. Agiza karatasi isiyong'aa, maandishi meusi kwenye weupe mtupu, na nakala kama 10 za saizi 18. Hizo zichapwe A4. Kuikuza A5 kwa fotokopi hutoa herufi zenye kingo chakavu.

Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, hawafanyi, na walisema wazi, jambo la kupongezwa. Mtafute mwalimu mwenye Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu. Wasifu wa maneno 600 hula kurasa 4 hadi 5, kwa kuwa ukurasa hubeba mistari 25 tu. Nakala hizo zisiwekwe chini ya rundo wala kubanwa kwenye mashine ya kukatia: nukta zikilala, hazisomeki tena.

Viziwi kijitabu wanakisoma. Kinachowapita ni hotuba. Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, kwa hiyo mkalimani hakosekani, ila apewe wasifu siku moja kabla ili ajue majina ya watu na idara.

Duka huahidi siku 2. Hesabu 4, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, majalada yanayochapwa baadaye hutoka na rangi nyingine, na itabidi udai yarudiwe.