TAHADHARI: Muuzaji wa "seti ya misimu minne" kwa wanaovua besi kwa kayaki

Wakuu, kama mnavua samaki aina ya besi kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, na mmekutana na tangazo la seti ya vyambo bandia vya misimu minne, lenye zawadi ya jaketi okozi ndani ya boksi, naomba msilipe kabla ya kusoma hapa. Muuzaji huyu hubadilisha jina la ukurasa wake mara kwa mara, kwa hiyo kulitaja jina analotumia leo hakutamsaidia mtu kesho. Nitaeleza mzigo wenyewe ulivyo na jinsi anavyofanya biashara yake. Kwa hayo mtamtambua hata akija na jina jingine.

Tangazo linaonyesha mvuvi aliyeketi kwenye kayaki, amekumbatia besi mkubwa kifuani, na maandishi yanadai samaki huyo ana kilo 15. Huo ni uongo wa mchana kweupe. Rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mkubwa haijafika hata kilo 11. George Perry alimvua wa kilo 10.09 huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, na hakuna aliyemfikia hadi mwaka 2009, Manabu Kurita alipomvua wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, Japani. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba wote wawili wanahesabiwa kushikilia rekodi hiyo kwa pamoja. Besi wa kilo 15 angetangazwa dunia nzima. Mtu anayeanza tangazo kwa uongo wa namna hiyo, msimwamini kwenye maneno yanayofuata.

Sasa mzigo. Zinakuja boksi nne ndogo, kila moja na kibandiko chake: kuchipua, joto, kupukutika, baridi. Nilizifungua zote na kuvipanga vyambo mezani. Ni vilevile! Umbo moja, ulimi mfupi uleule wa mbele unaokizamisha chambo kikivutwa, uzito uleule. Kilichobadilika ni rangi tu, na rangi yenyewe inabanduka kwa kucha. Juu yake kuna mfuko wa minyoo ya plastiki, vyura wawili wa mpira, na chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, zinazodaiwa kuwa za tungsteni.

Kwa asiyejua besi anavyoishi hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo kiini cha utapeli wote. Joto la mwili wa besi hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, umeng'enyaji wake unazorota na hana haja ya kufukuza kitu kinachokimbia. Hapo unahitaji chambo unachokitikisa kidogo kisha kikasimama katikati ya maji, hakipandi wala hakizami, ukakiacha hapo huku samaki anakitazama. Chambo cha namna hiyo kinatengenezwa kwa kupimwa uzito kwa umakini sana, maana hata joto la maji lenyewe hubadilisha ueleaji wake. Nilijaza ndoo maji baridi nikavitia vile vya boksi la "baridi". Cha kwanza kilipanda juu palepale. Cha pili kilizama mkia ukitangulia. Ni vya boksi moja, rangi moja! Ukivipeleka ziwani majira ya baridi utashinda umekaa kwenye ubaridi ukidhani samaki hawapo.

Boksi la "joto" ni hivyohivyo. Maziwa mengi yenye kina hujigawa tabaka wakati wa joto: maji ya moto juu, ya baridi chini, na lile tabaka la chini mara nyingi hupungukiwa oksijeni. Besi wengi hukaa juu kidogo ya mpaka wa matabaka hayo, au hujificha chini ya magugu. Kuwafikia wale wa kina unahitaji chambo chenye ulimi mrefu kinachozama mita kadhaa kikivutwa. Hivi vya kwake havikuvuka mita moja. Na wale vyura, ambao kazi yao ni kupita juu ya magugu bila kunasa, ndoana zao zilikuwa zimetokeza nje badala ya kulala mgongoni. Mvuto mmoja tu, chura amebeba fungu la majani. Halafu anaingiza maji puani, pale jicho la ndoana linapotokea, anazama.

Wakati wa kupukutika, besi huwafuata samaki wadogo wanaoingia kwenye vihori, na chambo kinachofaa ni chenye umbo la kisamaki hicho. Hakikuwemo hata kimoja.

Ndoana nazo ni hatari. Nilifunga ndoana moja ya ncha tatu kwenye mizani ya kupimia samaki nikaivuta taratibu. Ilinyooka kabla ya kilo 3, na pete inayoishikilia kwenye chambo ilikuwa imeshafunguka. Besi wa kawaida akijitupa kwenye magugu anazidi nguvu hiyo bila shida, na ataondoka na ndoana mdomoni. Fikirieni pia mkao wetu: kwenye kayaki umeketi chini, uso wako uko karibu na maji, huna pa kurudi nyuma. Ndoana ikifyatuka wakati mshipi umekaza, inakuja usawa wa macho. Vaeni miwani hata kama vyambo vyenu ni vizuri.

Minyoo ya plastiki ilifika imeyeyukia kwenye vyambo vigumu kwa sababu vilifungwa pamoja. Plastiki laini ina vilainishi vinavyokula rangi na plastiki ya aina nyingine, ndiyo maana wauzaji wanaojua kazi huitenga. Tengeni na nyinyi kwenye masanduku yenu.

Kuhusu chubwi, hapa mtu anaweza kuibiwa miaka bila kujua. Tungsteni inapendwa kwa sababu ni nzito kuliko risasi kwa ukubwa uleule: sentimita moja ya ujazo ya tungsteni safi ina gramu 19.3, ya risasi gramu 11.3. Kwa hiyo chubwi yako inakuwa ndogo, inapenya magugu, na ikigusa jiwe unaisikia mkononi. Alizonitumia ni risasi iliyopakwa rangi nyeusi. Kupima ni rahisi. Ikwaruze kwa kisu: risasi inachubuka na kung'aa, tungsteni kisu hakiingii. Ukitaka uhakika zaidi, chukua chubwi zenye jumla ya gramu 100, zitie kwenye chombo chenye alama za mililita, uone maji yamepanda kiasi gani. Risasi itapandisha karibu mililita 9. Chubwi za tungsteni, hata zikiwa zimechanganywa na metali nyingine kidogo kama ilivyo kawaida, zitapandisha kati ya 5 na 6. Na jambo hili si la pesa peke yake. Ziko nchi zilizopiga marufuku chubwi ndogo za risasi kwa sababu ndege wa majini huzimeza na kufa kwa sumu. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1987. Unaweza kujikuta umevunja sheria huku ukiamini umenunua kitu safi.

Hayo yote ningeyaandika kwa utulivu kama si lile jaketi.

Jaketi okozi la "zawadi" linavutia kwa macho: lina mifuko ya vifaa, mistari inayong'aa, zipu nzuri. Ndani, kwenye kibandiko, hakuna kiwango chochote, hakuna uzito wa mvaaji, hakuna namba ya idhini. Kuna maneno mawili tu, "ubora wa juu". Jaketi la mtu mzima wa kilo 70 na zaidi, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12402-5, linatakiwa kuwa na nguvu ya kuelea isiyopungua nyutoni 50, yaani kama kuinua kilo 5. Nililifungia chuma cha kilo 5 nikalitia kwenye pipa la maji. Lilizama nacho. Nikajaribu chuma cha kilo 2, likakishika kwa dakika chache, kisha likaanza kushuka taratibu. Nilipofumua mshono nilikuta sponji ya kufungashia vitu, ile inayokunywa maji. Mtu aliyeanguka na jaketi hili amevishwa mzigo.

Na angalieni wakati anaolisukuma zaidi: mwanzo wa majira ya kuchipua. Ndio wakati kila mvuvi wa besi ana hamu ya kutoka, kwa sababu majike makubwa husogea karibu na kingo kujiandaa kutaga, maji yanapoelekea nyuzi 15 hadi 20. Jua linawaka, unavaa fulana, unajisikia salama. Lakini maji yale siku za mwanzo yanaweza kuwa bado na nyuzi 8. Ukipinduka, mwili unashtuka na unavuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Dakika hiyo ya kwanza hakuna umahiri wa kuogelea unaokuokoa. Kinachokuweka juu ni jaketi. Baada ya muda mfupi vidole vinakufa ganzi, kupanda tena kwenye kayaki kunakuwa kazi kubwa. Mtu anayemuuzia mwenzake sponji kwa ajili ya dakika hiyo anacheza na roho za watu, na sina neno jepesi la kumwelezea.

Namna yake ya kukwepa ni hii. Kabla hujalipa anajibu haraka, kwa upole, anakuita ndugu. Anakusihi utume pesa kwa njia ya kumtumia rafiki, akidai makato ni madogo. Usikubali kabisa, kwa sababu njia hiyo kwa kawaida haina ulinzi wa mnunuzi. Ukilalamika anakuambia usubiri meneja. Kisha anatoa kurudisha sehemu ndogo ya pesa kwa sharti ufute maoni yako. Ukikataa, anataka urudishe mzigo kwa gharama yako kwenye ghala lililo nchi nyingine. Yote hayo ni kuvuta siku mpaka muda wa kupinga malipo uishe. Mlioshalipa kwa kadi, fungueni malalamiko benki leo, msingoje jibu lake. Ambatanisheni picha za vyambo, kibandiko cha jaketi, na tangazo lenyewe, maana tangazo hulifuta. Msipokee ile sehemu ndogo ya pesa. Ataionyesha kama ushahidi kwamba mlishaelewana.

Mlio na jaketi hilo, msilivae wala msimpe mtu. Lipigeni picha kwa ajili ya malalamiko, kisha kateni mikanda na zipu kabla ya kulitupa, lisije likaokotwa na mtu akamvisha mtoto.