Kompyuta ya ofisini iliyotumika: ipi ununue Mbeya au Iringa, na ipi uiache dukani

Je, kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika kunalipa? Jibu kwanza: ndiyo, inalipa. Kwa anayefungua steshenari jirani na chuo cha MUST, kwa mhasibu wa saccos Mafinga, kwa shule inayotaka mashine chache za kufundishia Njombe au Tukuyu, kompyuta ya ofisini iliyotumika ina faida kuliko laptopu mpya ya bei ya chini. Ila inalipa kwa sharti: uchague kwa umri wa prosesa (ubongo wa mashine) na hali ya mashine yenyewe, si kwa maneno ya muuzaji wala kwa stika ya Core i7 iliyobandikwa pembeni ya kibodi.

Nasema "ya ofisini" kwa makusudi. Dell OptiPlex na Latitude, HP EliteDesk, ProDesk na EliteBook, Lenovo ThinkCentre na ThinkPad zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, zifanye kazi kutwa, fundi azifungue kwa urahisi na abadilishe kifaa bila kuvunja kitu. Makampuni ya Ulaya na Marekani huzitumia miaka mitatu hadi mitano, kisha huziuza kwa jumla. Ndizo zinazofika Dar es Salaam, zikapanda Kitonga kwa basi au lori, zikaishia Iringa mjini, Makambako, Mwanjelwa na Tunduma.

Kuna jambo limebadilika, na mnunuzi wa sasa asipolijua ataumia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo makampuni yaliondoa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba. Ukizikuta sokoni kwa bei inayovutia sana, sababu ndiyo hiyo.

Jifunze kusoma namba ya prosesa kabla ya kutoka nyumbani

Namba huandikwa hivi: i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, hivyo hiyo ni ya nane. Zikiwa tarakimu tano, mfano i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha kumi. Angalia pia zile kama i5-1135G7. Hiyo ni ya kumi na moja, si ya kwanza.

Sasa linganisha. Core i7-6600U ya kizazi cha sita ina viini viwili vya kufanyia kazi. Core i5-8250U ya kizazi cha nane ina vinne. Muuzaji atakwambia i7 ni kubwa kuliko i5, na wengi wanaongeza hela kwa ajili ya neno hilo, kumbe wanalipia mashine iliyo nyuma. Usikubali kuambiwa "ni i7 hii" ukaishia hapo. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua mipangilio sehemu ya maelezo ya kompyuta, usome namba yote kwa macho yako.

Ya kwanza: desktopu ndogo ya ofisini, kizazi cha nane au tisa

Kwa kazi ya kukaa sehemu moja sioni ya kuishinda. Tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4, ProDesk 600 G4, ThinkCentre M720 au M920. Yenye i5-8500 ina viini sita, na kwa kuchapa, kuskani, kujaza maombi ya mkopo wa wanafunzi na ya ajira, na kuendesha programu ya mahesabu, utakaa nayo miaka. Dai RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 angalau, GB 16 ikiwezekana, na SSD (hifadhi ya faili isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 256. Usinunue yenye RAM kidogo kwa matumaini ya kuongeza baadaye: tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM na SSD zimepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia. Ya kuongezewa inaweza kukugharimu kuliko iliyokuja nayo.

Zipo za ukubwa wa aina mbili. Iliyo kama kitabu kikubwa kilicholazwa ina pawasaplai yake ndani, na hiyo pawasaplai ni ya umbo la kampuni yenyewe. Ikiungua, ya kawaida ya dukani haiingii. Ile ndogo kabisa, inayoenea kiganjani, hutumia adapta ya nje kama ya laptopu na RAM za laptopu. Mimi naipenda hii ndogo kwa sababu adapta inapatikana hata Mafinga. Ila ukichukua ya Dell hakikisha adapta ni ya Dell yenyewe na ya wati zinazotakiwa, kwani ikiwekewa isiyoitambua, mashine hujipunguza kasi na ukadhani imechakaa.

Angalia na tundu za monita. Hizi ndogo nyingi zina DisplayPort na HDMI, wakati monita za mtumba nyingi zinategemea VGA. Mwambie muuzaji akupe kigeuzi kwenye bei ileile, na akiwashie seti yote mbele yako.

Umeme wake ni mdogo. Mashine ndogo na monita yake kwa makadirio ya wati 35, saa kumi kwa siku, siku 26, ni uniti kama 9 kwa mwezi. Kwa shilingi zipatazo 350 kwa uniti hiyo ni kama 3,200. Desktopu ya zamani na monita yake nzee inayokula wati 120 inafika uniti 31, karibu 11,000. Tofauti hiyo mwenye steshenari anailipa kila mwezi bila kuiona.

Udhaifu wake ni mmoja: umeme ukikatika, kazi ya mteja inapotea. Kwa hiyo UPS (betri ya akiba) iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Hata ndogo inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Nayo UPS haizuii radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wingu likianza kunguruma, chomoa waya ukutani.

Ya pili: laptopu ya ofisini, kizazi cha nane

Hii ndiyo ya mwanafunzi wa Mkwawa au RUCU, na ya mtu anayefanya kazi mahali umeme unapokatika mara kwa mara. ThinkPad T480, Latitude 5490 na 7490, EliteBook 840 G5. Zote zina nafasi mbili za RAM unazoweza kubadilisha.

Kati ya hizo T480 naipa nafasi ya mbele, kwa sababu ya betri. Ina mbili: moja ndani, nyingine nje inayochomolewa bila bisibisi. Ya nje ikichoka unanunua nyingine, hata kubwa zaidi, na unaibadilisha huku mashine ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Jihadhari tu na T480s, iliyo nyembamba: RAM yake nyingine imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao.

Nimeiweka ya pili kwa sababu laptopu iliyotumika ina mengi ya kuchoka: betri, bawaba za kioo, kibodi, tundu la chaji. Na hapa ndipo wauzaji wengi wanaficha mambo. Ukipewa desktopu mbovu kibodi, unanunua kibodi nyingine yakaisha. Kwa laptopu ni kazi ya fundi.

Kwa betri usiulize "inakaa na chaji?" Utaambiwa masaa manne siku zote. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo ikijaa. Ikiwa imebaki na chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri mpya na uikate kwenye bei unayolipa. Pitisha kidole juu ya padi ya kuchezea kishale. Ikiwa imenyanyuka au haibonyei, betri chini yake huenda imevimba. Iache hiyo, ni hatari ya moto.

Angalia na kibodi: za mashine zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zina A mahali pa Q. Kwa mtu anayechapa kurasa nyingi kwa siku hilo ni mateso. Usidanganyike na stika zilizobandikwa juu ya herufi.

Ya tatu: kizazi cha sita au saba, kwa bei ya chini kweli

OptiPlex 7050, EliteDesk 800 G3, EliteBook 840 G3. Hazijafa. Kwa kuchapa tu na kufundishia wanafunzi, ukiziwekea SSD na Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya bure badala ya Windows) pamoja na LibreOffice (badala ya Microsoft Office), zinafanya kazi vizuri bila gharama ya leseni. Lakini hakikisha kwanza kwamba printa na skana yako zina draiva za Linux. Kuna mafundi wanaozipiga Windows 11 kwa kuruka masharti. Inawaka, ila Microsoft haiahidi kuiletea masasisho. Mashine ya kupokea flashi za watu kutwa nzima isiendeshwe hivyo.

Ya nne: laptopu mpya ya bei ya chini

Boksi, nailoni, harufu ya upya, na ndani yake Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 iliyounganishwa kwenye ubao, na hifadhi ya GB 64. Ukifungua kurasa kadhaa za intaneti na faili la Excel inaanza kukwama, na huwezi kuiongezea. Uzuri wake ni betri mpya na waranti ya dukani. Kwa mtoto wa shule, sawa. Kwa biashara, hapana.

Za kuacha kabisa

Core 2 Duo, na Core i ya kizazi cha kwanza mpaka cha tatu, hata ukipewa na meza yake. Inaniuma kuona binti aliyekopa vikoba ili afungue steshenari akauziwa seti ya namna hiyo kwa sababu ina monita kubwa. Kizazi cha nne nacho kinatumia RAM za DDR3, zisizoingia kwenye mashine za kizazi cha nane nilizotaja juu; kila shilingi utakayoongeza humo inabaki humo.

Dukani

Ukaguzi muhimu kuliko yote ni kufuli. Mashine za ofisi huweza kufungwa na kampuni ya awali, na nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguka kabla ya Windows) kwenye laptopu nyingi za daraja hili haliondoki kwa kutoa betri ndogo ya saa. Zima, washa, ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka. Kisha omba Windows ianzishwe upya huku imeunganishwa na hotspoti ya simu yako. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa kwa wenyewe.

Kwa desktopu chomoa waya wa umeme, subiri dakika kadhaa, rudisha na uangalie tarehe. Ikirudi miaka ya nyuma, betri ya saa, CR2032, imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini tarehe ikiwa ya uongo tovuti nyingi hukataa kufunguka, na mteja wa maombi ya ajira atasimama mbele yako bure. Geuza pia nyuma: mashine ya zamani kutoka Marekani huweza kuwa na swichi ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwashwa ikiwa kwenye 115, pawasaplai inaungua hapohapo.

Soma namba ya mashine (serial number) iliyo chini yake na uiingize kwenye tovuti ya Dell, HP au Lenovo. Utaona ni modeli gani hasa na waranti yake ilianza lini. Muuzaji aliyekwambia "ya mwaka jana" utamjua hapo.

Ukiagiza kutoka Dar kwa basi, omba iwekwe SSD. Diski za zamani zina sahani inayozunguka na hazipendi kurushwarushwa.

Kuhusu bei, mimi sivuki nusu ya bei ya mashine mpya ya kiwango kilekile, hata iwe safi namna gani. Dai risiti ya EFD, na juu yake iandikwe namba ya mashine, RAM, SSD na siku za kuijaribu. Wiki mbili si ombi kubwa. Siku hizo usiihurumie. Iwashe asubuhi mpaka jioni, chapa, skani, piga simu ya video, chomeka flashi kila tundu, na laptopu uitumie bila chaji mpaka izime. Ikijizima yenyewe au feni ikipiga kelele bila kazi nzito, irudishe kabla siku hazijaisha.