Spika za Pikapu: Kabla ya Kununua, Fungua Mlango
Mara ya kwanza kubadilisha spika za pikapu yangu nilinunua kwa kusoma namba ya boksini. Wati 600, kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Fundi alizifunga haraka haraka, akawasha redio, na sauti ikatoka nyembamba kuliko ya zile za kiwandani tulizozing'oa. Besi haikuwepo kabisa. Nikaambiwa spika mpya hulegea taratibu, nisubiri. Nikasubiri miezi miwili.

Siku niliyofungua paneli ya mlango mwenyewe, nikaelewa. Ile nailoni ya kiwandani inayoziba bati la ndani ilikuwa imechanwa toka juu hadi chini na kuachwa inaning'inia. Bati lina matundu ambayo mkono wangu unapita hadi kwenye kiwiko. Spika ya kiwandani ilikuwa na kikombe cha plastiki mgongoni. Mpya ilikaa mgongo wazi, na sumaku yake ilishaota kutu kwa maji ya mvua yanayoteremka na kioo. Maji kuingia ndani ya mlango si ubovu, magari yote ndivyo yalivyo, na vitundu vya chini vimewekwa ili yatoke. Ubovu ni kuifunga spika kana kwamba maji hayo hayapo.

Wasomaji wangu wengi huniuliza inchi ngapi, wati ngapi, rangi gani ya koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotikisika. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu mlango, na mlango ndio boksi la spika. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Kama kuna upenyo kati ya mbele na nyuma, hewa hizo mbili zinakutana na kuuana, na inayokufa kwanza ni besi. Spika ya bei yoyote ukiifunga kwenye bati lenye matundu itapiga kama redio ndogo ya mkononi.

Kwa hiyo cha kwanza kwenye orodha yangu si spika. Ni mkeka wa butili, aina ya mpira unaonata, wenye karatasi ya alumini juu. Futa bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, bandika, kisha kandamiza kwa rola mpaka vile vijichoro vilivyoinuka kwenye alumini vilale kabisa. Vikiwa bado vimesimama, mkeka haujashika. Matundu makubwa yawekee kwanza kipande cha bati au plastiki ngumu, ndipo ubandike juu yake. Vitundu vya chini viache wazi, na angalia fito za kitasa ziendelee kutembea. Usikubali mkeka wa lami kwa sababu ni rahisi: gari likishinda juani unalainika, unanuka na kubanduka. Ringi ya kushikilia spika iwe ya plastiki, maana ya mbao za unga hufura ikilowa. Pikapu ina jambo moja zaidi, ule ukuta mpana wa bati nyuma ya viti. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe tupu, nao unahitaji mkeka.

Nilipoziba milango yote miwili ya mbele, spika zile zile nilizozilaani zikatoa besi.

Sasa spika zenyewe. Nawapenda JBL na sifichi. Redio nyingi hutangaza wati 50 kwa kila spika, lakini nguvu ya kudumu ni kama 20 tu. Kwa nguvu hiyo, cha kutazama ni usikivu wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Spika za JBL Club zina usikivu wa takriban 92, na ukinzani wake ni omu 3 badala ya 4 zilizozoeleka, hivyo huvuta nguvu zaidi kutoka kwa redio ile ile. Nimezisikia bila amplifaya na zikaijaza kabini. Chukua zile ambazo twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, imetengana na koni kama dashibodi yako ina nafasi yake, kwa sababu sauti ya mlangoni hukomea magotini.

Nafasi ya pili nawapa Hertz wa Italia, hasa kwa anayesikiliza sauti za waimbaji zaidi ya ngoma. Ya tatu Alpine, ya nne Pioneer, na zote mbili hazitakuangusha. Za bei ya chini kabisa zisizo na jina sina la kusema, ila kwamba pesa hiyo inunue mkeka na ubaki na spika za kiwandani.

Pima kina kabla ya kulipa. Shusha kioo mpaka mwisho, kisha pima toka kwenye bati hadi kwenye kioo. Sumaku ndefu itakigonga. Kama gari lilikuja na mfumo wa kifahari wenye spika za omu 2, ukiweka za omu 4 sauti itapungua. Sabufa ya pikapu ni ile bapa ya chini ya kiti yenye amplifaya yake ndani. JBL BassPro SL ya inchi 8 inatosha.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi mno: waya. Seti za waya za amplifaya zinauzwa kama shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapata moto na sabufa inakosa nguvu. Muuzaji anajua, na akiulizwa anasema "zote ni sawa". Si sawa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukitokea mweupe ndani, rudisha. Hata yale maneno ya wati 600 ni ya aina hiyo hiyo. Kipimo cha kweli cha amplifaya ni kile cha kiwango kiitwacho CTA-2006: nguvu ya kudumu, volti 14.4, omu 4, mkwaruzo wa sauti usiozidi asilimia 1. Boksi lisilotaja nguvu ya kudumu mahali popote, lirudishe kwenye rafu.

Ukimpa fundi kazi, simama pale. Fyuzi ya waya wa amplifaya ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Na kabla paneli haijarudi mahali pake, mwambie akuonyeshe mlango ulivyozibwa.