Mizani ya kioo inayopima mafuta na misuli: inachokijua na inachokisia

Ukipanda bila viatu kwenye mizani hizi za kioo zenye vibati vinne vya chuma, simu inakuletea namba zaidi ya kumi: mafuta, misuli, maji, mifupa, hata "umri wa mwili". Kinachopimwa kweli ni viwili tu: uzito, na ukinzani wa mwili kwa umeme mdogo usiousikia, unaopita mguu huu hadi ule. Misuli ina maji na chumvi nyingi, hupitisha umeme, mafuta huuzuia. Mengine yote ni hesabu ya viwili hivyo pamoja na urefu, umri na jinsia ulizojaza. Mikono haiguswi kabisa, inakisiwa. Umri wa mwili upuuze.

Namba ya kushika ni uzito bila mafuta. Mtu wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 25 ana kilo 17.5 za mafuta, 52.5 zilizobaki ni misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Hizo 52.5 zigawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kwa mita 1.70 unapata 18.2. Mwanamume akiwa chini ya 17, au mwanamke chini ya 15, amwone mtaalamu wa lishe.

Udhaifu mkubwa ni maji. Kunywa nusu lita kisha upande hapo hapo: uzito umepanda nusu kilo, ukinzani uko vile vile, basi mizani inakuandikia mafuta. Aliyeharisha ataambiwa misuli imepungua. Kibaya zaidi ni aliyevimba miguu kwa figo, moyo au utapiamlo: maji ya uvimbe husomeka kama misuli, mgonjwa akaonekana mzima. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asipande kabisa.

Magaga nayo husumbua. Kisigino kikavu hakishiki umeme vizuri, na mizani hugoma kusoma au hutoa namba ya ajabu. Futa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu. Weka mizani juu ya vigae, si zulia, upime asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Kitufe cha "mwanamichezo" usikiguse ukishaanza kufuatilia namba zako: hubadilisha kanuni ya hesabu, na misuli "huongezeka" papo hapo.

Kwa kufuatilia mwezi hadi mwezi, inafaa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 haifai; tumia utepe wa rangi wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5, kwenye nyekundu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.