Tiketi ya Gyeongbokgung, jumba la wafalme wa Korea: inalipa au ni kupiga picha tu?

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli, leo hamna simu hamna spika hamna blenda, leo bidhaa yetu ni tiketi. Hii hapa. Ya kuingilia Gyeongbokgung, jumba la kifalme lililoko Seoul, Korea Kusini, won 3,000 kwa mtu mzima, yaani kama dola 2 na chenji kidogo. Wale wa tamthilia za Kikorea mnajua naongelea nini, ule uwanja mpana ambao maofisa wamepiga magoti wanamlilia mfalme abadilishe uamuzi na mvua inawanyeshea, basi jumba la nasaba yenyewe ya Joseon ndo hili, la kwanza na kubwa kuliko yote matano ya Seoul.

Kwenye komenti kuna swali linarudi kila siku, eti si limejengwa juzi hilo, si feki? Nalijibu leo, ila nivumilieni, maana ukiingia bila kujua kilichotokea pale utazunguka masaa mawili uone mapaa tu yanafanana alafu utoke unasema mbona ya kawaida.

Twende. Mwaka 1392 jenerali mmoja, Yi Seong-gye, anaipindua nasaba ya Goryeo anaanzisha yake, Joseon, anakuwa mfalme Taejo. Mfalme mpya hakai nyumba ya aliyemtoa, kwahiyo 1394 anahamisha mji mkuu unakuja hapa Seoul, 1395 jumba liko tayari. Sehemu ilichaguliwa kwa hesabu kabisa, mlima Bugaksan mgongoni, maji yanapita mbele, jumba linatazama kusini. Aliyelipa jina jumba na kumbi zake ni msomi wake mkubwa, Jeong Dojeon, ndo kichwa nyuma ya dola yote ile, na malipo yake? 1398 kauawa na Yi Bangwon, mtoto wa mfalme huyohuyo, kwenye ugomvi wa nani arithi kiti, na Bangwon baadae akawa mfalme Taejong. Mkifika kwenye lile ghorofa la bwawani mnalolipenda wote, Gyeonghoeru, mkumbuke ni huyo muuaji alilipanua mwaka 1412. Waandishi wa tamthilia hawana haja ya kutunga kitu pale, historia imeshawaandikia.

Humohumo kwenye eneo hili ndo mfalme Sejong alikaa na wasomi wake, na alfabeti ya Kikorea ikatangazwa 1446. Sejong ana video yake siku nyingine.

Sasa 1592. Jeshi la Hideyoshi, mtawala wa Japani, linavamia, mfalme Seonjo anakimbilia kaskazini usiku, na jumba linaungua. Nani alichoma, hapo watu wanabishana mpaka leo, kuna kumbukumbu za upande wa Korea zinasema walioanza ni wananchi wenyewe, watumwa wakiwemo, walitaka madaftari yaliyoandika kuwa wao ni watumwa yaungue, na wengine wanasema hapana ni wavamizi. Vyovyote vile likabaki gofu zaidi ya miaka 270. Sikilizeni hiyo vizuri, wafalme wa Joseon wengi tu walizaliwa wakatawala wakafa bila kukaa hata siku moja kwenye hili jumba kuu, walikuwa wanaishi jumba la jirani, Changdeokgung.

Anayekuja kulifufua ni Daewongun, baba wa mfalme Gojong. Mtoto kapewa kiti 1863 bado mdogo, baba ndo anaendesha nchi, na 1865 anasema tunajenga tena, na kubwa zaidi. Hela hakuna. Watu wakatozwa michango iliyoitwa ya hiari (sisi tunaijua hiyari ya namna hiyo), wakatozwa ushuru kwenye milango ya jiji, alafu 1866 ikatengenezwa sarafu mpya imeandikwa 100 wakati thamani ya ile shaba haikufika hata robo ya hapo, bei za vitu zikapaa, wananchi wakaumia. Katikati ya kazi moto ukala mbao zilizokusanywa, mzee akaagiza nyingine. 1868 mfalme akahamia. Majengo kama 330, vyumba vinahesabiwa 5,792. Kwahiyo kikongwe kabisa mtakachokigusa pale cha mbao ni cha hiyo miaka ya 1860, sio cha 1395, na anayewaambia mlango huu una miaka 600 anawapiga.

Haya tuingie ndani. Langoni, Gwanghwamun, mtakuta wanyama wawili wa jiwe, haetae, walinzi wa moto. Mkiwaangalia wamechongwa macho yametoka, pua bapa, meno yanaonekana, na bado wanafanana na mtu anayezuia kucheka. Lango lenyewe maisha yake ni tabu tupu: Wajapani walilihamisha likapelekwa pembeni miaka ya 1920, Vita vya Korea vikaunguza sehemu yake ya mbao, 1968 rais Park Chung-hee akalirudisha kwa zege, ZEGE jamani, na kibao cha jina la lango akaandika mwenyewe kwa mkono wake, mpaka 2010 ndo likarudi la mbao na mahali pake pa asili, kibao kipya kikapasuka ndani ya miezi michache tu, na cha saivi, cheusi chenye herufi za dhahabu, kimewekwa Oktoba 2023.

Mkipita lango la pili na la tatu mnatokea uwanja wa Geunjeongjeon, ukumbi wa kiti cha enzi, na hapa ndo tiketi inajilipa yenyewe. Msikimbilie ukumbini. Angalieni chini kwanza. Mawe ya uwanja hayajalainishwa, yamechongwa rafurafu, na watu wanadhani ni uzembe, kumbe jiwe likiwa laini jua la mchana lingewarudishia mwanga machoni, na uwanja una mteremko kidogo kwahiyo mvua ikinyesha maji yanajiendea tu. Katikati kuna njia ya sehemu tatu, ya kati iliyoinuka ni ya mfalme. Pembeni mnaona vijiwe vimesimama vimeandikwa, 12 kila upande, hivyo ni vyeo, maofisa wa kiraia upande wa mashariki, wanajeshi magharibi, ukiwa wa daraja la tisa unasimama huko nyuma karibu na geti na mfalme unamuona kama nukta. Mi nilisimama kwenye la mwisho kabisa nikaelewa mfumo wote wa serikali yao kuliko vibao vya maelezo vyote. Na kuna pete za chuma zimepigiliwa kwenye mawe, hizo zilikuwa za kufungia kamba za turubai siku za shughuli. Turubai la mfalme nalo lilihitaji kamba, hamna namna.

Ukumbi umekaa juu ya jukwaa la mawe la ngazi mbili, kwenye kingo kuna wanyama wa jiwe wa kila aina, na kwenye kona za mbele kabisa tafuteni familia, dume na jike, na kitoto kimeng'ang'ania tumboni kwa mama yake. Watu elfu wanapita hapo na simu juu, hakuna anayeinama. Inameni.

Kwa nje mtasema ghorofa mbili, ukichungulia ndani ni chumba kimoja kirefu kwenda juu, nguzo zinapanda mpaka darini na pale darini kuna madragoni wawili wa dhahabu, hesabuni kucha, saba kila mguu. Nyuma ya kiti kuna ile picha ya jua, mwezi na vilele vitano, popote mfalme wa Joseon alipokaa picha hiyo ilikuwa nyuma yake. Na hapa kwa mafundi wangu wa seremala: uzito wa paa lote, na vigae vile ni vizito kwelikweli, haubebwi na ukuta, unabebwa na nguzo, na kati ya nguzo na paa kuna vile vikono vya mbao vilivyofumwa kimoja juu ya kingine vinachukua mzigo wa upenu na kuusambaza. Ukuta ni wa kuzuia upepo tu. Rangi zile za kijani na nyekundu na buluu nazo sio urembo peke yake, zinalinda mbao zisioze na zisiliwe na wadudu.

Lawama yangu ya kwanza: ndani haumo, unachungulia mlangoni, na mlangoni kuna msongamano wa viwiko. Kama unategemea kutembea kwenye vyumba vya mfalme, sahau, majengo mengi ni ya kutazama kutoka nje.

Gyeonghoeru, lile la bwawani, nguzo 48 za mawe, za nje za mraba na za ndani za duara. Lilikuwa la karamu na kupokea wageni. Mwaka 1997 bwawa lilivyosafishwa wakatoa dragoni wa shaba aliyezamishwa wakati wa ujenzi ili azuie moto. Unaona wazo linavyojirudia, haetae langoni, dragoni majini, jumba zima linaogopa moto na lina sababu.

Ila mi mnanijua, mi na jiko. Kilichonikamata kuliko vyote ni madohani. Vyumba vya kulala vinapashwa joto kutokea chini, moto unakokwa nje, moshi moto unapita chini ya mawe ya sakafu, alafu unatolewa mbali kabisa na nyumba. Sasa huyo moshi wakaujengea mnara wa tofali wa maua. Nyuma ya Gyotaejeon, chumba cha malkia, kuna bustani ya matuta na madohani manne ya pembe sita, na kule Jagyeongjeon, kwa malkia mjane, mkubwa wa ikulu, dohani limekuwa ukuta mzima umechongwa kulungu, kasa, korongo, msonobari, alama zao za maisha marefu. Bomba la moshi hilo. Mtu kakaa akafikiri bibi huyu akichungulia dirishani aone nini.

Huko mwisho kabisa, watu wanachoka hawafiki, kuna nyumba ya Geoncheonggung, haina zile rangi, mbao tupu. Ni hapa 1887 taa ya kwanza ya umeme Korea iliwaka, mitambo ya kampuni ya Edison, maji yanavutwa kwenye bwawa la jirani. Na ni hapahapa alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895 watu waliotumwa na Wajapani waliingia wakamuua malkia Myeongseong, mke wa Gojong. Miezi michache baadae Gojong akatoroka akajificha kwenye ubalozi wa Urusi. Nyumba ikaja kubomolewa, iliyopo ilijengwa 2007. Hakuna kelele huko, mimi ningependa wangeweka maelezo zaidi kuliko yale mistari michache.

Na baada ya Japani kuichukua Korea 1910 ndo bomoabomoa yenyewe ikaanza, majengo yakauzwa na kuhamishwa, 1915 eneo likageuzwa viwanja vya maonyesho, na 1926 wakamaliza jengo la serikali ya kikoloni, la mawe, lenye kuba, wakaliweka mbele kabisa ya ukumbi wa enzi ili ukisimama barabarani usimuone mfalme, uone wao. Lilikaa hapo hadi 1995, likiwa limeshageuka makumbusho ya taifa, Wakorea wakaanza kulivunja Agosti 15, siku yao ya ukombozi. Kazi ya kurudisha majumba ilianza 1990 na bado inaendelea.

Kwahiyo feki? Hapana. Geunjeongjeon ni ya 1867, Gyeonghoeru hivyohivyo, Jagyeongjeon ya 1888, hizo zilisalimika. Mengine ni mapya yaliyojengwa kwa ufundi wa zamani, na kwa nyumba za mbao zilizopitia yale, mi naona sawa, ila ningetaka kila jengo liandikwe mwaka wake wa kuzaliwa kwa herufi kubwa mlangoni ili mtu asibabaike.

Haraka haraka sasa. Ukivaa hanbok, nguo yao ya asili, unaingia bure, ila kukodi ni mara kadhaa ya kiingilio, kwahiyo bure yenyewe ni kwa ajili ya picha, na nyingi za kukodi ni poliesta ya kumetameta ambayo bibi yeyote wa Joseon angeirudisha dukani. Jumanne wanafunga. Walinzi wanabadilishana saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wahini mapema msimame mbele. Picha kali simama kona ya kusini mashariki ya uwanja, unapata ukumbi na milima miwili nyuma. Kivuli ni kidogo sana, na baridi ya Januari inakata masikio.

Alama nawapa 8 na nusu kwa 10, na kwa bei ile sioni cha kushindana nayo. Nimekata moja na nusu kwa kutoingia ndani na kwa vibao vya maelezo.

Na mkitaka kuona chumba cha malkia chenyewe, mbao za kweli, hazipo hapa. Changdeokgung iliungua 1917, ikajengwa tena kwa kuvunja Gyotaejeon na Gangnyeongjeon, chumba cha kulala cha mfalme, za huku, mbao zikabebwa kwenda kule, na ndo ziko kule mpaka leo. Sio mbali, nendeni siku hiyohiyo kama miguu inaruhusu, ila bustani ya nyuma ya kule ina tiketi yake tofauti na nafasi zinaisha mapema, kwahiyo kateni mtandaoni kabla hamjatoka hotelini.