Kitanda cha hospitali nyumbani: uzoefu wangu na cha kuzungusha kwa mkono, kisha cha umeme

Kama unatafuta kitanda cha kumuuguzia mtu nyumbani na huna muda wa kusoma yote haya, angalia jambo moja: mgongo unapopanda, je, magoti nayo yanapanda? Idadi ya vitufe kwenye rimoti haikuambii lolote kuhusu hilo. Mimi nimemuuguza mama yangu baada ya kiharusi kumpiga upande wa kushoto, kwanza kwenye kitanda cha kuzungusha kwa mkono, kisha cha umeme. Vyote viwili nimelala chini yake na tochi, na ninayoyaandika hapa mengi niliyaona huko chini.

Kwa juu havitofautiani sana. Sehemu ya kulalia imegawanywa vipande vinne: cha mgongo, cha makalio ambacho hakisogei, cha mapaja na cha miguu. Mpango huu ni wa zamani. Willis Gatch, daktari wa upasuaji wa Marekani, ndiye aliyetoa kitanda cha namna hii, cha vipande vitatu, mwaka 1909, na vitanda vingi vya leo bado vinamfuata yeye.

Kitanda cha mkono ni chuma na skrubu, basi. Unakunjua hendeli iliyo upande wa miguuni, unazungusha, skrubu ndefu inageuka, na nati iliyo juu yake inatembea ikisukuma bomba linaloinua mgongo. Ni kazi ileile ya jeki ya gari. Uzuri wake ni kwamba ukiachia hendeli, mgonjwa hashuki. Meno ya skrubu yana mwinamo mdogo kiasi kwamba msuguano peke yake unaishikilia nati, hata mtu mzima akijitupa kwa nguvu kwenye egemeo. Hakuna breki ya kuchakaa wala umeme wa kukatika. Kwa uaminifu wa namna hiyo nakipa alama zote.

Ila kinachosha. Kumwinua Mama kutoka kulala hadi kukaa ni mizunguko mingi, nawe umeinama miguuni pake huku uso wake huuoni, hivyo hujui kama anaumia mpaka aseme. Na Mama ni mtu wa kuvumilia, hasemi. Halafu hendeli isipokunjwa na kurudishwa ndani, kila apitaye anajigonga ugoko. Jambo jingine la kuuliza kabla ya kununua: ukifika mwisho na ukaendelea kuzungusha, nini kinatokea? Vile vizuri hendeli inazunguka bure bila kusukuma kitu. Vile hafifu vinaendelea kukaza, na siku moja meno ya nati yanalika. Nilikuwa napaka grisi kwenye skrubu kila ilipoanza kulia, nikifuta kwanza ile ya zamani, maana vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa.

Sasa nirudi kwenye magoti, maana hapo ndipo pesa yako inapopata au kukosa thamani.

Kwenye kitanda cha kwanza, mgongo na magoti vilikuwa na hendeli zake tofauti. Ukiinua mgongo peke yake, Mama aliteleza kuelekea miguuni. Nilibandika kipande cha plasta kwenye shuka, sawa na bega lake, kisha nikazungusha taratibu. Alipofika kukaa, bega lilikuwa limeshuka chini ya plasta kwa karibu upana wa kiganja. Sababu iko kwenye bawaba. Bawaba ya kitanda iko chini ya godoro, lakini nyonga ya mtu inakunjika juu ya godoro. Viungo viwili, mahali pawili, kwa hiyo mgongo wa kitanda na mgongo wa mtu haviwezi kuchora njia moja vinapopanda. Tofauti hiyo lazima iende mahali, na inaishia kumsukuma mgonjwa chini.

Kinachotisha si kule kuteleza kwenyewe. Ngozi ya makalio inang'ang'ania shuka huku mfupa ulio ndani unashuka, na nyama iliyo katikati inavutwa pande mbili. Mishipa midogo ya damu inajinyonga humo. Vidonda vya kulalia vya eneo la kitokono havisababishwi na uzito peke yake, mvutano huu una mchango mkubwa. Dawa yake kwenye kitanda cha mkono ni utaratibu: inua magoti kwanza, kidogo tu, ndipo uinue mgongo. Wakati wa kushusha, mgongo utangulie na magoti yafuate. Tuliliandika hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani kwa ajili ya kila aliyekuja kusaidia, na bado kulikuwa na shemeji mmoja aliyeanzia mgongo kila mara.

Kitanda cha umeme kimetatua hili kwa namna mbili. Kina kitufe kinachoinua mgongo na magoti kwa pamoja. Na mgongo wake haupandi tu, unarudi pia nyuma kuelekea kichwani: ukichungulia pembeni utaona vigurudumu vidogo vikitembea ndani ya mfereji wa chuma kadiri unavyonyanyuka. Nafasi inayopatikana pale kwenye makalio inampunguzia mgonjwa ule msukumo. Nilirudia jaribio la plasta. Bega bado lilishuka, lakini upana wa vidole viwili hivi. Kwa hilo pekee nilisamehe mengi.

Kuhusu nyuzi, yaani mgongo wa kitanda umeinuliwa kiasi gani. Muuguzi alituambia Mama akipumzika tusizidishe nyuzi 30, kwa ajili ya ngozi, lakini akila akae wima kadiri anavyoweza asije akapaliwa, na abaki ameinuliwa kwa muda baada ya chakula. Mambo haya mawili yanavutana kila siku, na nyuzi 30 si rahisi kukisia kwa macho. Mtu hudhani amefika kumbe yuko 20. Kitanda chetu kina kipimo kidogo pembeni ya egemeo, mpira wa chuma ndani ya mrija uliopinda, unaojisogeza wenyewe hadi kwenye namba. Hakina umeme wala cha kuharibika. Kama chako hakina, fundi yeyote atakuchorea alama kwenye fremu.

Ndani ya kitanda cha umeme, usishangae, utaikuta skrubu ileile. Kila sehemu ina mota yake ya volti 24, gia, na skrubu iliyofichwa ndani ya bomba, na swichi ndogo za kuikata mota inapofika mwisho. Mota hizi hazikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Yetu imeandikwa ubavuni dakika 2 kazi, dakika 18 mapumziko. Wajukuu waligundua rimoti siku moja wakapandisha na kushusha mpaka kitanda kikanyamaza kimya. Hakikuungua, kilijikata kwa joto, na kikaamka baadaye. Tangu hapo tunatumia kifungo cha kufunga rimoti, ambacho kipo nyuma yake na hakuna aliyetuonyesha siku ya kukileta.

Umeme ukikatika, betri ya ndani inatosha kumshusha. Ipo pia hendeli pembeni ambayo ukiivuta mgongo unashuka wote kwa haraka, kwa ajili ya kumkandamiza mtu kifua moyo ukisimama. Ijue ilipo kabla ya kuihitaji.

Kupanda na kushuka kwa kitanda kizima nilikuwa nakuona ni anasa. Si anasa. Kikishuka, nyayo za Mama zinagusa sakafu akikaa ukingoni. Kikipanda, namwogesha nikiwa nimesimama wima. Kiuno changu ndicho shahidi.

Sasa lawama. Breki zipo kwenye magurudumu mawili tu kati ya manne, na Mama anapojisukuma kwenda kwenye kiti, upande wa miguuni unayumba. Tumesukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta, ndiyo suluhisho letu. Reli za pembeni ni imara na nafasi kati ya vyuma ni chini ya milimita 120, kipimo kinachotakiwa ili kichwa kisipenye. Lakini godoro tulilouziwa pamoja nacho lilikuwa jembamba kwa upana, likiacha mwanya kando ambao mkono wote ulizama. Mtu dhaifu anaweza kunasa humo. Tulilirudisha. Ukiweka godoro la hewa juu, pima tena: linamwinua mgonjwa, na reli iliyokuwa inamfika begani inabaki kumfika kiwiko.

Uzito ulioandikwa kwenye kibandiko nao usomwe vizuri. Mara nyingi ni jumla ya mgonjwa, godoro na kila kilichoning'inizwa, si mgonjwa peke yake. Uliza namba ya mgonjwa mwenyewe.

Cha mwisho kilichonikera ni kebo ya rimoti. Inapita karibu na pale mgongo unapokunjika, na klipu za plastiki za kuishikilia zilivunjika mapema. Nimeifunga kwenye fremu kwa vitambaa, nikaiachia ulegevu wa kutosha kufuata egemeo likipanda. Rimoti yenyewe inaning'inia upande wa kulia, mkono ambao Mama anautumia.